Mtoto Kabla ya Shahidi: Jinsi Mfumo wa Ustawi wa Jamii Unavyomlinda Mtoto Aliyesafirishwa Kinyume cha Sheria

Taarifa za watoto waliookolewa kutoka mikononi mwa wasafirishaji huishia karibu kila mara mahali pamoja: watuhumiwa wamekamatwa, watoto wamepelekwa mahali salama, upelelezi unaendelea. Msomaji hufunga gazeti akiamini kwamba kazi imekwisha, ilhali kwa upande wa mtoto ndiyo kwanza inaanza. Mahali hapo salama ni wapi, nani amepachagua, mtoto atakaa hapo kwa amri ya nani na kwa muda gani, na akitoka atakwenda kwa nani? Maswali hayo hayajibiwi na polisi wala na mwendesha mashtaka. Yanajibiwa na mfumo wa ustawi wa jamii, ambao wengi wetu tunaufahamu kwa migogoro ya matunzo baada ya wazazi kutengana na si kwa jambo jingine. Makala haya yanaeleza namna mfumo huo unavyofanya kazi Tanzania Bara, yakiigusa Kenya pale ambapo njia za watoto hao zinavuka mpaka. Sheria zetu zinamtazama mtoto huyu kwa macho mawili, kama shahidi wa kosa la jinai na kama mtoto anayehitaji ulinzi na matunzo, na usalama wake hutegemea sana ni jicho lipi linalotangulia.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa tarehe 15 Novemba 2000, ambayo hujulikana kwa jina la mji wa Palermo, inalijenga kosa hili juu ya mambo matatu: tendo, kama vile kumchukua, kumsafirisha au kumpokea mtu, njia iliyotumika, kama vile vitisho, udanganyifu au kutumia vibaya unyonge wake, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Anapokuwa mtoto, yaani mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18, jambo la pili halihitaji kuthibitishwa. Hakuna haja ya kuonyesha kwamba alidanganywa au alilazimishwa, kwa kuwa ridhaa yake haina uzito wowote, na ridhaa ya mzazi wake haiwezi kulihalalisha tendo hilo. Wala mpaka wa nchi hauhitaji kuvukwa. Binti aliyetolewa kijijini Singida kwa ahadi ya kusomeshwa, akaishia kufanya kazi za ndani Dar es Salaam usiku na mchana bila mshahara, anaweza kuwa amesafirishwa kinyume cha sheria hata kama safari yake ilikuwa ya basi la kawaida, yenye tiketi halali, akiwa ameketi kando ya shangazi yake.

Mfano huo wa kazi za ndani ndio unaojirudia kuliko yote nchini. Mabinti hutoka Iringa, Dodoma, Singida, Kagera na mikoa mingine kuelekea Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Zanzibar, na wavulana hupelekwa kwenye machimbo madogo ya dhahabu, kwenye mashamba ya tumbaku, kwenye uvuvi wa Ziwa Victoria na kwenye biashara za mitaani. Wako mabinti wanaoahidiwa kazi ya mgahawani na kujikuta baa, wakiuza zaidi ya vinywaji. Wako pia watoto wenye ulemavu wanaovushwa kwenda Nairobi na kuketishwa barabarani waombe, huku fedha zikikusanywa jioni na mtu mwingine.

Ugumu wa kwanza wa mfumo unaanzia kwenye sura ya msafirishaji mwenyewe. Mara nyingi si mgeni aliyeshuka kwenye gari lenye vioo vyeusi. Ni jirani, ni dalali wa wafanyakazi wa ndani anayejulikana kijiji kizima, ni mama mdogo aliyeolewa mjini. Jamii zetu zina desturi ya miaka mingi ya kumpeleka mtoto akalelewe na ndugu mwenye uwezo, na watu wengi waliofika mbali katika elimu wamepita njia hiyo. Desturi hiyo si kosa. Kosa linaingia pale malezi yanapogeuka utumwa: mtoto haendi shule iliyoahidiwa, anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, mshahara wake unatumwa kwa mtu mwingine au haupo kabisa, simu ya kwao ananyimwa, na akiomba kurudi nyumbani anaambiwa alipe kwanza nauli iliyomleta. Hapa wengi wetu hukunja uso, kwa kuwa nyumba inayozungumziwa inaweza kuwa ya shemeji yetu.

Sheria nayo haikurahisisha mambo. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, imeweka umri wa miaka 14 kuwa wa chini kabisa wa kuajiriwa, kwa kazi nyepesi isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kusoma, na ikapiga marufuku kazi za hatari na za kinyonyaji. Hivyo afisa anayegonga mlango na kumkuta binti wa miaka 15 akiosha vyombo hawezi kuhitimisha papo hapo. Inawezekana ni ajira halali. Inawezekana ni utumikishwaji wa mtoto unaoangukia chini ya sheria za kazi. Na inawezekana ni usafirishaji haramu. Kinachotofautisha hali hizo tatu ni historia: nani alimleta, aliahidiwa nini, fedha zinakwenda wapi, na je, yuko huru kuondoka. Historia hiyo haionekani kwa macho, na mtoto aliyefundishwa kusema “huyu ni shangazi yangu” hawezi kuitoa mbele ya huyo shangazi. Ndiyo maana mahojiano ya kwanza yana uzito mkubwa, na ndiyo maana yanahitaji mtu aliyejifunza kuzungumza na mtoto, wala si yeyote aliyevaa sare.

Sheria mbili zinakutana juu ya kichwa cha mtoto huyu. Ya kwanza ni Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Na. 6 ya 2008, ambayo inataja makosa na adhabu, inaunda kamati ya kitaifa pamoja na sekretarieti yake, na inaanzisha mfuko wa kuwasaidia waathirika. Sheria hiyo inauhesabu usafirishaji wa mtoto kuwa kosa kubwa zaidi kuliko ule wa mtu mzima, na marekebisho ya 2022 yaliondoa mwanya uliomruhusu aliyetiwa hatiani kulipa faini na kwenda zake bila kifungo. Ya pili ni hiyo Sheria ya Mtoto ya 2009. Hii inasema kwamba maslahi bora ya mtoto ndiyo yanayopaswa kutangulia katika kila uamuzi unaomhusu, na inaeleza ni mtoto wa namna gani anayehitaji ulinzi na matunzo: aliyetelekezwa au kutendewa vibaya na anayemlea, asiye na makazi ya kueleweka, anayeombaomba, aliyetendewa kosa la jinai, au aliye katika hatari ya kimwili au ya kimaadili. Ukisoma orodha hiyo kwa makini utaona kwamba mtoto aliyesafirishwa huingia kwa milango miwili au mitatu kwa wakati mmoja, hata kabla hakimu hajaamua kama kosa la usafirishaji limetendeka.

Jambo hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa sheria ya 2008, mtoto huwa mwathirika kwa sababu kuna mtuhumiwa. Mtuhumiwa akiachiwa kwa kukosekana ushahidi, hadhi ya mtoto nayo huyumba. Kwa Sheria ya Mtoto, mtoto anastahili ulinzi kwa sababu ya hali aliyo nayo, awepo mtuhumiwa au asiwepo. Afisa ustawi wa jamii aliye makini hufungua jalada lake kwa kuegemea sheria hii ya pili na kuwaachia polisi ile ya kwanza, kwa kuwa anafahamu kwamba kesi inaweza kufa na mtoto bado akahitaji mahali pa kulala.

Tatizo ni kwamba sheria hizi mbili zinaishi katika ofisi tofauti. Sekretarieti ya kupambana na usafirishaji haramu iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Sera ya ulinzi wa mtoto iko chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, jinsia, wanawake na makundi maalum, ambayo ilitenganishwa na ile ya afya Januari 2022. Afisa ustawi wa jamii anayemfikia mtoto ni mtumishi wa halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Hivyo jalada moja lina wakubwa watatu, na kila mmoja ana bajeti yake, fomu zake na vikao vyake. Zanzibar ina sheria yake ya mtoto ya 2011 na maafisa wake wa ustawi, kwa hiyo binti anayepanda boti Dar es Salaam na kushuka Malindi anatoka kwenye sheria moja ya mtoto na kuingia nyingine ndani ya saa mbili za bahari, akiwa bado ndani ya Jamhuri ile ile ya Muungano.

Mfumo huanza kumwona mtoto pale mtu anapotoa taarifa. Sheria ya Mtoto inamtwika kila mwanajamii wajibu wa kuiarifu serikali ya mtaa anapokuwa na ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, na inaipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto wote walio katika eneo lake, wakiwemo wale ambao si wenyeji wa hapo. Kwa vitendo, taarifa hupitia kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, kwa mwalimu, kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa namba ya simu 116, ambayo ni huduma ya bure kwa watoto Tanzania na vilevile Kenya. Chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, ziliundwa pia kamati za ulinzi kuanzia kijiji na mtaa hadi halmashauri, na ndani yake huketi polisi, afya, elimu na ustawi wa jamii. Kamati hizo zina nguvu pale zinapokutana. Mahali pengine ni majina katika karatasi.

Baada ya taarifa huja saa za kwanza, ambazo huamua mengi. Mtoto anahitaji kutenganishwa na mtuhumiwa kabla ya kuulizwa lolote la maana, na kwa hali nyingi anahitaji daktari. Anayepeleka majeruhi hospitali nchini anaifahamu fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3. Mtoto aliyepigwa au aliyebakwa hupitia fomu hiyo hiyo, na majibu ya daktari yaliyoandikwa humo huwa ushahidi mahakamani. Zamani hii ilimaanisha safari ya kituo cha polisi, kisha hospitali, kisha kituo tena, kisha ofisi ya ustawi, na kila mahali mtoto akisimulia upya yale aliyotendewa. Vituo vya huduma jumuishi vinavyoitwa Mkono kwa Mkono, vilivyowekwa ndani ya hospitali kadhaa Bara na Zanzibar, vilianzishwa ili daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wamhudumie mtoto chini ya paa moja. Faida yake kubwa si kuokoa nauli. Mtoto anaposimulia mara nyingi kwa watu tofauti, maelezo huachana hapa na pale kwa namna ya kawaida kabisa ya kibinadamu, na wakili wa utetezi huzitumia tofauti hizo baadaye kumwonyesha kuwa mwongo.

Suala la umri nalo huibuka mapema. Msafirishaji humfundisha binti kusema ana miaka 19, na mara nyingi hakuna karatasi ya kumpinga. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kuwasajili watoto chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bure katika vituo vya afya na ofisi za kata ulianza 2013 na kuenea mkoa kwa mkoa, lakini wengi wa mabinti wanaokutwa leo kwenye nyumba za watu walizaliwa kabla mpango huo haujafika kwao. Afisa hulazimika kutafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, kumbukumbu za shule ya msingi au kauli ya mzazi, na vyote vikikosekana humwomba daktari akadirie. Makadirio hayo yana nafasi ya kukosea kwa miaka kadhaa, na kwa sababu hiyo kanuni ya busara inayotumika duniani ni kumtendea kama mtoto mtu ambaye umri wake una shaka, hadi ithibitike vinginevyo.

Sasa usiku umeingia na mtoto anahitaji kitanda. Hapa ndipo maneno “mahali salama” yanapopata maana au yanapokosa. Njia ya kwanza inayopendekezwa na wataalamu ni familia ya kuaminika, yaani familia iliyochunguzwa, kupewa mafunzo na kukubali kumpokea mtoto kwa muda mfupi, wakati mwingine usiku wa manane na bila kujiandaa. Njia ya pili ni nyumba salama zinazoendeshwa na asasi za kiraia. WoteSawa ya Mwanza, kwa mfano, imejikita katika wafanyakazi wa ndani, wakiwemo watoto. Njia ya tatu ni makao ya watoto, na serikali ina yake ya kitaifa Kurasini jijini Dar es Salaam na Kikombo mkoani Dodoma. Kuna njia ya nne ambayo haimo katika mwongozo wowote lakini hutokea: mtoto analala kituo cha polisi kwenye benchi la kaunta, au anarudishwa “kwa muda” katika nyumba ile ile alimotolewa. Afisa mmoja anayehudumia kata kadhaa, asiye na gari na mwenye orodha ya familia za kuaminika iliyojaa, hufanya uchaguzi ambao hakuna kanuni iliyowahi kuuandika.

Kumweka mtoto popote kwa zaidi ya siku chache kunahitaji amri ya mahakama. Afisa ustawi wa jamii ndiye anayeomba, na Mahakama ya Watoto ndiyo inayotoa. Katika sehemu nyingi za nchi, mahakama hii si jengo la pekee. Ni mahakama ya kawaida inayoketi kwa namna tofauti, faraghani, kwa lugha nyepesi, afisa ustawi akiwepo. Mahakama inaweza kutoa amri ya matunzo, inayomweka mtoto chini ya mtu anayefaa au makao yaliyoidhinishwa kwa muda usiozidi miaka mitatu au hadi atimize miaka 18, lolote litakalotangulia. Au inaweza kutoa amri ya usimamizi, ambayo humwacha mtoto nyumbani kwao huku afisa akifuatilia, na hiyo haizidi mwaka mmoja. Bila amri hizo, asasi inayomhifadhi mtoto haina mamlaka yoyote juu yake, na mjomba anaweza kufika na wazee wawili wa ukoo na kuondoka naye. Ni jambo la kushangaza jinsi hatua hii inavyorukwa kwa urahisi, kwa kuwa kila mtu anaona mtoto yuko salama na hakuna anayeona karatasi iliyokosekana.

Wakati jalada hilo likiendelea Mahakama ya Watoto, jalada jingine liko mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, ambako mtu mzima anashtakiwa. Mtoto ni yule yule, lakini huku yeye ni shahidi wa Jamhuri. Marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016 yalibadilisha kifungu cha 127 kwa namna iliyolenga kumrahisishia: mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kula kiapo, ilimradi aahidi kwanza kusema kweli na kutosema uongo. Sharti hilo linaonekana dogo. Hata hivyo Mahakama ya Rufani imewahi kuuondoa ushahidi wa watoto kwenye kumbukumbu, hasa katika kesi za makosa ya kujamiiana, kwa sababu tu hakimu wa chini hakuandika kwamba mtoto alitoa ahadi hiyo. Mtoto alisimama, akasimulia, akahojiwa na wakili, na miaka kadhaa baadaye yote yakaonekana kama hayakusemwa, kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Mvutano wa macho mawili huwa mkali zaidi hapa. Mwendesha mashtaka anataka shahidi wake awe karibu, apatikane kwa simu moja, asirudi kijijini ambako familia itashawishiwa kwa mbuzi wawili na ahadi ya kulipiwa deni. Hofu hiyo ina msingi. Kesi nyingi hufa kwa njia hiyo. Lakini kesi huahirishwa mara kwa mara, na mtoto aliyepelekwa nyumba salama kwa mwezi mmoja hujikuta ameketi humo mwaka mzima, mbali na mama yake, akisoma kwa vipindi au hasomi kabisa, akiwa amehifadhiwa kwa ajili ya kesi kama kielelezo kilichofungwa kwenye kabati la polisi. Kwa maoni yangu, swali la mtoto aishi wapi halipaswi kamwe kufuata kalenda ya kesi ya jinai. Mahakama inaweza kupanga tarehe ya mtoto mapema, serikali inaweza kulipa nauli ya shahidi na mlezi wake, na afisa ustawi wa kwao anaweza kufuatilia vishawishi. Yote hayo ni nafuu kuliko kumnyang'anya mtoto mwaka wa shule.

Si Tanzania peke yake iliyohangaika na jambo hili. Nchini Marekani, mashirika ya ustawi wa watoto yalijengwa juu ya wazo kwamba mtoto hulindwa dhidi ya mzazi au mlezi anayemtesa. Aliyeuzwa na mtu asiye wa familia aliangukia nje ya mamlaka yao, na majimbo mengi yakawa yanawakamata mabinti wa miaka 14 kwa kosa la ukahaba. New York ilipitisha 2008 sheria ya kuwaelekeza watoto hao kwenye huduma badala ya mashtaka, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 2014 sheria ya shirikisho iliyataka mashirika ya ustawi kuwatambua na kuwahudumia watoto waliosafirishwa, na kutoa taarifa polisi ndani ya saa 24 mtoto aliye chini ya uangalizi wao anapotoweka, kwa kuwa waliona kwamba wasafirishaji huwawinda hasa watoto wanaotoroka makao na familia za malezi ya kambo, yaani familia zilizokabidhiwa mtoto asiye wao wamlee. Sisi tuko upande wa pili wa tatizo hilo. Sheria ya Mtoto haijali kama mtesaji ni mzazi au mgeni. Mlango uko wazi tangu mwanzo. Kinachokosekana ni watu wa kutosha wa kusimama mlangoni.

Mtoto asiye raia huleta mkanganyiko mwingine. Mikoa ya Kilimanjaro, Tanga, Morogoro na Mbeya imeshuhudia kwa miaka mingi vijana kutoka kusini mwa Ethiopia wakikamatwa njiani kuelekea Afrika Kusini, na baadhi yao ni watoto. Wengine wamelipia kuvushwa kwa magendo kwa hiari yao. Wengine wamepitia deni, kipigo na kazi ya kulazimishwa njiani, na hapo wamekuwa waathirika wa usafirishaji haramu. Afisa uhamiaji asiye na mkalimani wa lugha yao huona wahamiaji waliovunja sheria na kuwapeleka mahakamani, kisha gerezani. Sheria ya Kenya ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu inasema wazi kwamba mwathirika hatashtakiwa kwa kuwepo nchini bila kibali wala kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Kinga hiyo haina kazi, bila shaka, iwapo hakuna aliyemuuliza kijana swali lililo sahihi.

Kwa mtoto wa Kitanzania anayekutwa Nairobi, au wa Kenya anayekutwa Arusha, maafisa wa nchi zote mbili hupaswa kuzungumza kabla ya mtoto kupandishwa gari. Anayepokea hufika nyumbani kwa mtoto, huwaona wazazi, huuliza majirani, kisha huandika kama ni salama kumrudisha. Hatua hiyo ikirukwa, mtoto huachwa mpakani Namanga au Sirari mikononi mwa mtu anayedai kuwa baba mdogo, na baada ya wiki chache anaonekana tena kwenye taa zile zile za barabarani.

Kurudi nyumbani ndiyo sehemu ya mfumo inayosifiwa sana na kugharimiwa kidogo. Kenya imeweka mkakati wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032, unaolenga kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia, na Tanzania nayo huyahesabu makao kuwa kimbilio la mwisho. Msimamo huo ni sahihi. Lakini mtoto aliyesafirishwa aliondoka nyumbani kwa sababu fulani, na sababu hiyo mara nyingi bado iko palepale: deni la mbolea, mama aliyeachwa na watoto watano, baba wa kambo asiyemtaka. Afisa anayefanya kazi yake vizuri hutazama kama kaya hiyo inaweza kuingizwa katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya masikini. Huongea na mwalimu mkuu kuhusu kumpokea mtoto aliyekosa miaka miwili ya shule, kupitia MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, kama ni wa umri wa msingi, au kupitia utaratibu wa 2021 ulioruhusu walioacha sekondari, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi masomoni. Kwa kijana wa miaka 16 ambaye hataki tena kukaa darasani na watoto wadogo, ufundi wa VETA huwa na maana zaidi. Na huuliza, kwa faragha, nani alipokea fedha wakati mtoto anaondoka. Jibu likiwa ni baba mwenyewe, safari ya kurudi husitishwa na bibi au shangazi hutafutwa. Ikiwa hayupo, malezi ya kambo huanza kufikiriwa.

Kisha hubaki ufuatiliaji, yaani afisa kupanda pikipiki baada ya mwezi, miezi mitatu na miezi sita kwenda kuona kama binti bado yupo. Hilo linahitaji mafuta, na mafuta hutoka katika bajeti ya halmashauri, ambako ustawi wa jamii hushindana na madarasa na zahanati. Pale panapokuwa na mradi wa wafadhili, ziara hufanyika. Mradi ukiisha, jalada hufungwa kwa maneno “ameunganishwa na familia”. Mfuko wa waathirika uliowekwa na sheria ya 2008 ungeweza kulibeba jambo hili, kama ungekuwa unatengewa fedha kila mwaka kwa kiwango kinacholingana na majalada yaliyo wazi.

Amri ya matunzo hufika mwisho siku mtoto anapotimiza miaka 18, na kwa aliyeokolewa akiwa na 16 siku hiyo haiko mbali. Kesi yake inaweza kuwa bado inasikilizwa. Asubuhi hiyo afisa wa ustawi hana tena mamlaka ya kisheria juu yake, makao hayana tena sababu ya kumhifadhi, lakini wito wa mahakama unaomtaka afike kama shahidi unabaki vilevile, na nauli ya kufikia tarehe iliyopangwa atajitafutia.